Wakanda Ina Madini, Wachimbaji Wako Wapi?

Filamu ya Black Panther: Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022, ilizaliwa msibani. Chadwick Boseman, aliyecheza Mfalme T'Challa wa Wakanda, ufalme wa kubuni wa Kiafrika, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 43, na kampuni ya Marvel ikakataa kumtafuta mwigizaji mwingine wa kushika nafasi yake. Mwongozaji Ryan Coogler akabaki na hadithi isiyo na mfalme, huku filamu ya kwanza, ya mwaka 2018, ikiwa imeshaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 na kuwapa watu weusi wa mabara yote shujaa wa kujivunia. Angeitengeneza ya pili kwa woga, tungemwelewa. Hakuogopa. Aliandaa matanga ya kweli ndani ya filamu ya mapigano, kisha akaongeza swali zito kuhusu madini: nani mwenyewe, nani anayatamani, nani anauawa kwa ajili yake. Naamini la kwanza alilifanya vizuri kuliko mwongozaji mwingine yeyote wa filamu za mashujaa, na la pili alilianza kwa nguvu akaliacha njiani. Naamini pia kwamba uzuri huo na kasoro hiyo vina asili moja: jicho la filamu linakaa katika kasri la mfalme, halitoki. Anayeitazama kutoka komine ya Kenya, hapa Lubumbashi, katika mji ambao usingekuwapo bila shaba, hilo haliwezi kumpita.

Tuanze na matanga, maana ndiyo sababu filamu hii itakumbukwa. Picha inafunguka Shuri akiwa katika maabara yake, akihangaika kutengeneza dawa ya kumwokoa kaka yake, T'Challa, hadi mama yao, Malkia Ramonda, anapoingia na kumweleza kwamba kaka ameshakwenda kwa wahenga. Uso wa mgonjwa hatuuoni. Hatuonyeshwi kitanda wala hatusikii maneno ya mwisho. Baada ya hapo nembo ya Marvel inapita na sura za Boseman peke yake, bila muziki, upepo tu. Mazishi yanafanyika kwa mavazi meupe, kwa ngoma na kucheza, jambo ambalo mtazamaji wa Ulaya huenda likamshangaza lakini kwetu halihitaji maelezo. Halafu mwaka unapita, na Ramonda anamchukua binti yake kando ya maji wachome nguo za msiba, waanue tanga. Shuri hayuko tayari. Ni mwanasayansi aliyeshindwa na ugonjwa, na hasira yake hiyo ndiyo inayoisukuma hadithi nzima. Anapokunywa dawa ya mmea na kufika kwa wahenga, anayemkuta huko si mama wala kaka, ni Killmonger, adui wa filamu ya kwanza, kwa sababu moyoni mwake alikuwa amebeba kisasi. Sijaona filamu ya aina hii iliyothubutu kusema wazi kwamba msiba unaweza kumharibu mtu mwema. Angela Bassett, kwa sehemu hiyo ya Ramonda, aliteuliwa kuwania Oscar, na Ruth E. Carter akapata Oscar ya pili ya mavazi baada ya ile ya filamu ya kwanza, mwanamke mweusi wa kwanza kufikisha Oscar mbili. Walistahili.

Sasa tuje kwenye madini. Ramonda anakwenda Geneva, mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa, anashutumiwa kwamba Wakanda inaficha vibraniamu, madini yake ya ajabu, isiwafikie wengine. Anasikiliza. Kisha milango inafunguliwa na askari wa kike wa Wakanda wanawaingiza mateka: ni askari wa Kifaransa waliokamatwa wakivamia kituo cha Wakanda nchini Mali ili kuiba madini hayo. Dakika hizo chache ziliuma kweli. Februari 2023 waziri wa ulinzi wa Ufaransa, Sébastien Lecornu, alijitokeza hadharani kulaani jinsi jeshi la nchi yake lilivyoonyeshwa, akikumbusha wanajeshi waliokufa nchini Mali. Waziri wa dola kubwa kukasirishwa na filamu ya shujaa mwenye kinyago ni ishara kwamba filamu imegusa mahali. Naelewa uchungu wake kwa ajili ya wafu wake. Lakini historia ya mji huu haituruhusu kuona tukio hilo kama uzushi mtupu. Mkoa wa Katanga ulipojitenga na Kongo Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, kampuni ya madini ya Union Minière ililipa kodi zake kwa serikali ya Élisabethville, jina la zamani la mji huu, si ya Léopoldville, yaani Kinshasa, na miongoni mwa waliokuja kupigana upande wa kujitenga walikuwamo Wafaransa kama Roger Faulques na Bob Denard. Walipambana na askari wa Umoja wa Mataifa katika barabara hizi hizi. Tofauti ni kwamba hawakuwahi kupigishwa magoti mbele ya wajumbe wa dunia, wala hakuna malkia aliyewapeleka huko.

Yapo mengine ambayo filamu imeyapata sawasawa, labda bila kukusudia. Wamarekani wanatafuta vibraniamu chini ya bahari ya Atlantiki kwa siri, kwa chombo cha kunusa madini, na shirika lao la ujasusi liko nyuma ya kila hatua. Mtu wa Katanga atakumbuka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani hadi ghala la Staten Island, New York. Septemba 1942 jeshi la Marekani lilizinunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwetu. Mahali pale palifichwa hata katika ramani. Madini ya ajabu yanayopatikana karibu sehemu moja tu duniani, taifa kubwa linaloyahitaji kwa silaha, usiri unaozidi akili ya kawaida: watunzi wa katuni Stan Lee na Jack Kirby walimtoa Black Panther kwa mara ya kwanza mwaka 1966, wakati Rais Mobutu na Union Minière wanavutana juu ya nani mwenye shaba, mvutano ulioishia kwa kampuni hiyo kutaifishwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Sidai kwamba waliifikiria Katanga walipoitunga. Nadai tu kwamba hadithi ya Wakanda imekaa juu ya jambo lililotokea, na kwamba sisi tunaweza kuipima.

Tukiipima, jambo moja linakosekana, na kukosekana kwake ni kukubwa mno. Hakuna anayechimba. Katika filamu ya kwanza tuliona handaki la vibraniamu, treni zikipita kwa kasi, wafalme wawili wakipigana humo. Katika ya pili tunapelekwa Talokan, ufalme wa chini ya maji wa Namor, nao unaishi kwa vibraniamu hiyo hiyo: kuna watoto wanaocheza, kuna soko, kuna jua la bandia linalomulika mji mzima. Ni nani aliyeyatoa madini hayo mwambani? Kwa zamu gani? Akiumia anatibiwa na nani, akizeeka anakula nini? Katika filamu mbili zenye jumla ya karibu saa tano, hakuna mhusika hata mmoja tunayemwona akichimba. Utajiri unatoka ardhini wenyewe kama maji ya chemchemi. Hapa Lubumbashi hakuna mtu anayeweza kuamini hilo. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati Union Minière ikizalisha kwa ajili ya vita vya Wazungu, wafanyakazi wake waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, wakafa makumi. Léonard Mpoyi, aliyezungumza kwa niaba yao, alikuwa kati ya waliouawa. Mchoraji wa mji huu, Tshibumba Kanda Matulu, aliwaweka wafia kazi hao katika michoro yake ya historia ya nchi miaka ya 1970, pamoja na kifo cha Lumumba, kwa sababu kwake historia ya nchi haikuwa ya wakubwa peke yao. Na Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa mwaka 1978, alizichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi akazibandika juu ya picha za magofu ya leo ya Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi Union Minière, ili mtu asiweze kuangalia mitambo ile bila kuwaona waliovuja jasho humo. Mfululizo huo aliuita Mémoire. Bajeti yake haikufikia hata senti ya dola milioni 250 zinazotajwa kutumika kwa Wakanda Forever, na alichokiona kamera ya Marvel haikukiona.

Kama kasoro hiyo ingekuwa pengo la mandhari tu, nisingeiandikia makala. Inaivunja hadithi yenyewe. Fuatilia mnyororo wa matukio: Ufaransa na Marekani ndio wanaoyatamani madini, chombo cha kuyatafuta ni cha Marekani, lakini vita kubwa inayochukua saa nzima ya mwisho ni kati ya Wakanda na Talokan, mataifa mawili pekee yenye madini hayo, watu weusi na wazao wa Wamaya, wote wakiwa wameponea chupuchupu kwa ukoloni. Namor anataka kumuua Riri Williams, mwanafunzi mweusi wa Marekani aliyebuni chombo hicho. Shuri anakataa. Walinzi wa Talokan wanauawa Shuri anapookolewa, Namor anaujaza maji mji mkuu wa Wakanda, Ramonda anazama, na kuanzia hapo swali la nani mwenye madini linageuka kuwa swali la nani atalipa damu ya mama. Mwishoni Shuri anamwachia Namor maisha yake, wanapatana, na waliopeleka chombo cha kunusa madini wanarudi ofisini kwao. Hakuna aliyewaendea. Tukio la Geneva lililomkasirisha waziri linabaki limening'inia, halina mwendelezo.

Najua jibu litakalotolewa haraka: ndivyo dunia ilivyo. Wenye madini hupigana wao kwa wao huku wanunuzi wakisubiri. Ni kweli, na ukweli huo unatuhusu kwa uchungu. Mwaka 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wengi wao watoto na wajukuu wa waliochukuliwa na Union Minière kuja kufanya kazi, wengine wakifia njiani na katika vituo vya treni. Majirani waliokula sahani moja walichomeana nyumba. Lakini ukiuliza mzee yeyote aliyeyaona, hatakuambia ni hasira tu iliyopanda kati ya makabila mawili. Atakutajia wanasiasa kwa majina, atakutajia Gécamines iliyokuwa ikianguka baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990, kazi zilizokuwa zinakwisha, na utawala wa Mobutu uliopata nafuu kila wapinzani wake waliposhikana mashati. Ugomvi ule ulikuwa na watu walioutengeneza na njaa iliyoupa nguvu. Hicho ndicho filamu haionyeshi. Inatuonyesha ndugu wawili wakipigana na kuuita ugomvi wao huzuni, wakati ilikuwa na nafasi ya kutuonyesha mkono uliowagonganisha. Uhalisia haukosekani kwa sababu wanapigana. Unakosekana kwa sababu wanapigana kwa ajili ya mioyo ya wafalme peke yake.

Jibu la pili ni kwamba hii ni burudani, na anayetaka kujua migodi asome ripoti. Nalikataa kwa sababu mbili. Kwanza, mada hii filamu haikulazimishwa na mtu. Iliichagua yenyewe ilipompeleka malkia Geneva na kuitaja Mali kwa jina. Pili, sinema ya Afrika imeshaonyesha kwamba jambo hili linawezekana bila kupoteza ndoto wala muziki. Neptune Frost, filamu ya Saul Williams na Anisia Uzeyman ya mwaka 2021, iliyopigwa Rwanda na inayozungumza Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, inaanza kwa kifo cha kijana mchimbaji wa koltani mikononi mwa wasimamizi, na nduguye anaondoka mgodini na msiba huo hadi katika kijiji cha wadukuzi wanaotikisa mitandao ya dunia. Ni njozi pia. Kuna mavazi ya waya na vipande vya kompyuta, kuna nyimbo, kuna mambo yasiyowezekana. Ila anayeombolezwa ni mchimbaji, na kwa hiyo huzuni na siasa hazitengani hata dakika moja. Filamu hiyo ina udhaifu wake, maana mara nyingi inaimba pale inapopaswa kusimulia, na mtazamaji anaweza kupotea. Hata hivyo imeunganisha vitu viwili ambavyo Coogler alivishika kimoja kwa kila mkono.

Jibu la tatu ndilo zito, nami naliheshimu: kwamba kifo cha Boseman kiliichukua filamu yote, hakikuacha nafasi. Waigizaji walikuwa wanaomboleza kweli, na kuwadai zaidi ni ukatili. Lakini tuangalie jinsi dakika 161 zilivyogawanywa. Afisa wa CIA Everett Ross na mkubwa wake, ambaye pia alikuwa mke wake, wamepewa matukio yao ya kubishana ambayo ukiyakata hadithi haiyumbi hata kidogo. Riri Williams, msichana anayechezwa kwa uchangamfu na Dominique Thorne, anatengenezewa vazi la chuma la kurukia ambalo lilikuwa linaandaa njia ya tamthilia yake mwenyewe, Ironheart, iliyotoka mwaka 2025. Nafasi ilikuwepo. Ilitumika kuuza bidhaa zijazo. Huzuni haikuibana filamu. Biashara ndiyo iliyoibana, na ikaibana huzuni pia, kwa sababu kila mara tunapoanza kukaa na Shuri tunavutwa kwenda kumwona Mmarekani fulani ofisini.

Na hata katika huzuni yenyewe, ambako nimesifu na narudia kusifu, jicho lile lile la kasri linachagua wafu wake. Walinzi wa Talokan ambao vifo vyao vinawasha vita hatujui majina yao. Maji yanapouvamia mji mkuu wa Wakanda tunaona umati ukikimbia, kisha kamera inashuka na malkia peke yake. Mazishi ni ya malkia. Wengine waliokufa siku ile walizikwa na nani? Mahali pamoja tu filamu inageuka na kuwatazama wanaofanya kazi: Namor anaposimulia utoto wake, alivyopanda kutoka baharini kumzika mama yake katika nchi ya kwao, akalikuta shamba la Mhispania lenye Wamaya waliofanywa watumwa, akalichoma moto. Ni dakika chache, na Tenoch Huerta anazisimulia kwa utulivu unaotisha. Kwangu hizo ndizo dakika bora za kisiasa katika filamu nzima, bora hata kuliko Geneva, kwa sababu ghafla tunaelewa chuki ya Namor ina miguu yenye pingu ndani yake. Coogler anajua kufanya hivi. Ndiyo maana namdai. Namdai kama mtu anayedaiwa na wanaompenda.

Niongeze kwa ufupi kasoro za ufundi ambazo wengi wamezitaja: mapigano ya mwisho juu ya meli yana harufu ya kompyuta kuliko bahari, na matukio mengi ya chini ya maji ni giza kiasi kwamba katika simu au televisheni ndogo, ambako wengi wetu tunaionea, Talokan inageuka kivuli cha buluu. Pia ni haki kusema kwamba uzinduzi wake wa Afrika ulifanyika Lagos, na kwamba Lupita Nyong'o, Mkenya, na Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala, wamo ndani yake kwa heshima kamili. Si jambo dogo kwa watoto wetu kumwona Nakia, anayechezwa na Nyong'o, akiwa jasusi, mwalimu na mama bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Marvel inaandaa filamu ya tatu, na Coogler mwenyewe amethibitisha kwamba yumo kazini. Wakati huo huo, Februari 2025, serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na baadaye ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka, ili kupandisha bei ya madini ambayo nchi hii inatoa karibu asilimia 70 ya uzalishaji wa dunia. Ni hatua ya Ki-Wakanda, ukitaka, ya kufunga mlango ili mnunuzi abishe hodi. Lakini siku mlango ulipofungwa, aliyekuwa na wasiwasi wa kwanza ni mchimbaji mdogo wa Kolwezi anayeuza gunia lake jioni apate unga. Mwandishi wa filamu akitaka mgogoro wa kweli kati ya heshima ya taifa na tumbo la mtu, upo, haujachezwa na mtu.

Mlango wa kuingilia ameshautengeneza mwenyewe. Katika tukio la mwisho, huko Haiti, Shuri anachoma nguo za msiba ufukweni, kisha Nakia anamtambulisha kwa mtoto wa miaka sita aliyezaa na T'Challa. Jina lake la huko ni Toussaint, na analelewa Cap-Haïtien, mji ambao nje yake kulikuwa na shamba la Bréda, alikozaliwa mtumwa Toussaint Louverture. Mrithi wa kiti cha Wakanda amekulia nje ya kasri, kwa mama mwalimu, miongoni mwa wazao wa watu waliolima miwa kwa viboko kisha wakawafukuza wenye viboko. Atakaporudishwa nyumbani, wasimpeleke moja kwa moja kwenye kiti cha enzi. Wampitishe kwanza mgodini, wakati wa kubadilishana zamu, na wampe mtu wa huko wa kuzungumza naye, mwenye jina.